Mayai ya Zélie

Mwaka ule viwavi wa hariri walikufa katika kila nyumba ya kijiji cha Combelasse isipokuwa moja. Kwa Puech walikufa walipojivua ngozi mara ya tatu. Kwa mjane Teissier walingoja hadi mara ya nne, wamekwisha kula majani ya miti yake yote ya miforsadi na mengine aliyoazima. Walikufa na madoa meusi mwilini, kana kwamba mtu amewanyunyizia pilipili manga, na harufu yao ikatanda vichochoroni hata watu wakawa wanakula mkate huku wamekunja pua. Lakini kwa Zélie Rouvière viwavi walipanda. Walipanda kwenye matawi makavu aliyowasimikia ukutani, wakachezesha vichwa vyao siku tatu bila kupumzika wakijisukia hariri, na siku ya nne chumba kizima cha juu kilikuwa kimejaa vifuko vya manjano, vigumu, vizito, vingi kuliko majani ya mti.

Watu walikuja kuvitazama kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Walivua viatu vya mbao mlangoni, wakapanda ngazi kimya, wakashusha sauti. Eulalie Puech, jirani wa ukuta kwa ukuta, alileta jibini ya mbuzi iliyofungwa kwenye jani, akasimama katikati ya chumba mikono kifuani.

"Shoga, una mkono gani wewe?"

"Huuhuu wa mwaka jana," alisema Zélie. "Na mwaka jana nilitupa ndoo kumi na nne za mizoga. Wewe mwenyewe ulinisaidia kubeba."

"Basi Mungu amekukumbuka."

"Amekumbuka nyumba moja tu katika kijiji kizima?" Zélie alicheka, lakini moyoni swali lile halikumchekesha.

Mumewe Abel ndiye aliyefurahi bila kujiuliza. Alikuwa mtu mdogo wa kimo, na kwa miaka minne ya vifo vya viwavi hakuna aliyemwuliza rai yake juu ya jambo lolote pale nje ya kanisa, ambapo wanaume husimama Jumapili baada ya ibada. Sasa walimwuliza. Walimwuliza alipasha chumba moto kiasi gani, alifungua dirisha saa ngapi. Abel akawa anajibu polepole, kidole gumba kiunoni, kama mwenye mashamba matatu.

Wakala wa kiwanda cha kusokota hariri alikuja na nyumbu na mizani. Alibonyeza kifuko kimoja, cha pili, cha tatu, akataja bei nzuri.

"Siuzi," alisema Abel.

"Huuzi? Baba, ukingoja siku kumi nondo watatoboa. Kifuko kilichotobolewa hakisokoteki. Utajazia mto wa kulalia."

"Nondo wakitoka watataga. Mayai ya viwavi waliopanda mwaka kama huu, wewe ungeyauza bei gani?"

Wakala alimtazama, akatabasamu, akaanza kufunga mizani yake. "Bei ya dhahabu," alisema. "Kama ni mazima."

"Tuuze nusu," Zélie alimwambia mumewe, nyumbu kabla hajafika kwenye kona.

"Nusu! Mtu aliyeonjeshwa bahati mara moja katika miaka minne, aikate nusu?"

Mama mkwe wake, bibi Judith, aliyekuwa akimenya viazi kizingitini, hakuinua kichwa. "Mwache mwanangu naye aitwe mwanamume mwaka huu," alisema.

Basi hawakuuza hata kimoja.

Nyumba kumi na moja ziliomba mayai, na Abel aliziahidi zote. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na faranga za kutoa, walilipa kwa mikono. Mvua za vuli zilikuwa zimebomoa ukuta uliozuia udongo wa tuta la Rouvière, mawe yakaporomoka hadi mtoni, na miforsadi miwili ikabaki mizizi nje ikining'inia hewani. Wanaume wa Combelasse waliyapandisha mawe yale mgongoni kwa siku nne, wakaujenga ukuta upya hadi kifuani. Bibi Judith aliwapikia supu ya chestinati, kokwa za msituni, na mjane Teissier, asiyekuwa na mwanamume wa kumtuma, alikuja mwenyewe akaokota vijiwe vya kuzibia nyufa, sketi ameikunja magotini.

"Kwa mayai machache tu, Zélie," alisema. "Ya kujaza kijiko."

"Utapata ya kijiko na nusu," Zélie alimjibu.

Nondo walitoka wiki ile. Walikuwa weupe, wanene, mabawa yakitetemeka bila kuruka, na wote walionekana wazima. Madume yalizungukazunguka yakitafuta majike. Zélie aliyatandikia majike shuka moja nyeusi, nayo yakataga juu yake mamia kwa mamia, hata shuka ikawa na ngozi ya chembe za rangi ya kijivu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mama yake, na wa mama wa mama yake.

Ilibaki karatasi. Abel alikuwa amesikia kwamba mjini Alais mayai yenye cheti cha kuwa hayana ugonjwa yanauzwa maradufu ya yasiyo na cheti, naye alitaka ya ziada, yale yatakayobaki baada ya wanakijiji kupata yao, ayapeleke huko. Cheti kilitolewa na yeyote mwenye hadubini na ujuzi wa kuitumia. Karibu nao alikuwepo mmoja: mwalimu Cazalis wa shule ya wasichana bondeni, aliyefundishwa na wasaidizi wa yule msomi aliyetumwa kutoka Paris kuchunguza ugonjwa wa viwavi.

"Mpelekee nondo ishirini waliotaga," Abel alimwambia mkewe. "Utarudi na karatasi, nami nitaifungia fremu."

Mwalimu Cazalis alikuwa mwanamke mwembamba, na mikono ya gauni lake ilikuwa na wino. Alimponda nondo wa kwanza kwenye kinu kidogo pamoja na matone ya maji, akaweka tone moja juu ya kipande cha kioo, akainama. Akaandika kitu. Wa pili, vivyo hivyo. Mwanzoni alikuwa akizungumza juu ya joto na bei ya unga. Alipofika wa tano akawa anaandika tu. Zélie akawa anatazama midomo yake kama mtu atazamavyo mdomo wa hakimu.

Baada ya nondo wa ishirini mwalimu alivuta kiti. "Mama Rouvière, keti."

"Sijachoka."

"Keti, tafadhali."

Zélie akakaa.

"Wote wana ugonjwa."

"Haiwezekani. Wangu walipanda! Bonde zima lilikuja kuona. Hawana hata doa!"

"Walipanda, ndiyo. Ugonjwa uliwaingia wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa. Wakauwahi, wakamaliza kazi yao kabla ugonjwa haujamaliza ya kwake. Lakini nondo mama ameutia ndani ya yai, na mtoto atazaliwa nao. Huyo mtoto hatafika mbali."

"Nioneshe."

Mwalimu alimpisha. Zélie alifumba jicho moja, akaweka jingine kwenye bomba la shaba. Aliona weupe mtupu, kisha mistari mirefu myeusi iliyotikisika.

"Naona nyoka."

"Hizo ni kope zako, mama. Sogea kidogo. Usilikaze jicho."

Alisogea. Ndipo weupe ule ulipokaa sawa, akaziona: punje ndogo za duara refu, zinazong'aa, nyingi mno, zimesongamana kama ufuta uliomwagika sakafuni. Baadhi zilitikisika mahali pamoja. Zélie aliinua kichwa, akaitazama mikono yake, akaipangusa kwenye aproni.

"Na nitajuaje kwamba nondo wote hawanazo? Pengine ndivyo walivyoumbwa."

Mwalimu hakukasirika, swali lilimpendeza. Alifungua kijaluba, akatoa nondo mkavu aliyeletewa kutoka vijiji vya juu mlimani, kusikojulikana ugonjwa, akamponda mbele yake. Zélie akatazama tena. Safari hii aliona mafuta, aliona vipande vya bawa. Punje hata moja hakuiona.

"Ni nini hizo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hata wasomi hawajaafikiana. Wako wanaosema ni viumbe hai, wako wanaokataa. Mimi najua nilichokiona: mwenye nazo huzaa wagonjwa, asiye nazo huzaa wazima. Na mgonjwa akichafua jani, mzima akalila, naye anazipata. Zinahama. Hazizuki tu kwa hewa mbaya wala kwa jicho la jirani."

"Nilikuletea ishirini tu. Waliobaki huenda ni wazima."

"Huenda wamo. Wametaga wapi?"

"Kwenye shuka moja," alisema Zélie, na hapohapo akaelewa. Yai la mzima na yai la mgonjwa yalikuwa yamelala bega kwa bega, rangi moja, ukubwa mmoja, na hakuna jicho duniani lingeyatenganisha.

Mwalimu aliuliza kama vimebaki vifuko ambavyo nondo wake hawajatoka. Vilikuwepo, kapu moja la waliochelewa. "Basi kila jike mpe kitambaa chake peke yake," alisema. "Akimaliza kutaga, mkunje kwenye pembe ya kitambaa hichohicho, umbane kwa pini. Niletee wote. Mama akiwa mgonjwa tutachoma mayai yake. Akiwa mzima tutayaweka."

"Na yale ya shuka?"

Mwalimu Cazalis alionyesha kwa kidole moto wa jikoni.

"Umetumwa karatasi, umerudi na matanga," alisema Abel mkewe alipofika nyumbani.

"Abel, nimeziona kwa jicho langu."

"Umeona nini?"

"Punje. Hazina jina."

"Mtu hamwagi chakula chake kwa sababu ya kitu kisicho na jina!"

Bibi Judith alikuwa ameacha kufuma soksi. "Miaka arobaini nimeyaatamia mayai hapa kifuani, chini ya nguo, hata mimba sikuzilea hivyo," alisema. "Sijaona punje. Leo kisichana cha shule kinatazama ndani ya bomba, kinatuambia tumebeba sumu. Wapi!"

"Mama, na hao viwavi waliokufa miaka minne, walikufa kwa nini?"

"Kwa husuda."

"Ya nani? Viwavi wa majirani wamekufa pia!"

Abel alikaa mezani, akaufunika uso kwa viganja. Aliposema tena alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Zélie. "Nisikilize, mke wangu. Vifuko vimetoboka, kiwanda hakivitaki tena. Hatuna kingine. Jumapili baada ya ibada nitaikata shuka vipande kumi na moja, kila mtu achukue chake. Mwakani viwavi wao wakifa, nani atasema ni kwa ajili yetu? Hapa kila mwaka viwavi hufa. Kifo chao hakina mwenyewe."

"Mjane Teissier atawalisha jani lake la mwisho."

"Angewalisha hata hivyo!"

"Na hao wagonjwa watachafua majani, na wetu wazima, tukijaliwa kuwapata, watakula hayohayo. Hutayatoa, Abel."

"Wamenijengea ukuta, Zélie. Unataka niwaambie nini? Unataka niwe nani tena pale kanisani?"

Hakupiga meza wala hakumpiga mkewe. Alitoka akaenda kusimama kando ya ukuta mpya, mkono juu ya jiwe, hata giza likaingia.

Kesho yake Zélie alimwendea Eulalie kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu naye, akamweleza yote kuanzia kope hadi punje. Eulalie alimsikiliza huku akikamua mbuzi. Zélie alipomaliza, mwenzake alisogeza ndoo.

"Waitaliano wamewapa kiasi gani?"

"Waitaliano gani?"

"Wanaopita na mikoba kununua mayai. Nilijua! Nilimwambia mume wangu, hawa wakishapata mnunuzi watatuletea hadithi. Lakini sikuwaza kama utaleta ya kitoto namna hii. Punje! Zinazong'aa!"

"Eulalie, wewe ni shoga yangu."

"Mume wangu ameumia mgongo kwa ukuta wenu. Shoga yako ameolewa na mgongo huo."

Zélie alirudi akijua mambo mawili: kwamba Abel angeikata shuka Jumapili, na kwamba hata akiiharibu kwa siri, kijiji kingesema imeuzwa. Ilimbidi aiharibu mbele za watu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuoka. Wanawake wote walikuwa kwenye tanuri la kijiji na unga wao uliokwisha kuumuka, wakisubiri kuni ziwe makaa. Zélie alikuja ameikumbatia shuka nyeusi iliyokunjwa. Aliikunjua mbele yao. Walipoona kijivu kile kilichoenea pembe hadi pembe, wanawake waliguna kwa uchu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mayai mengi kiasi kile.

"Hesabuni kwa macho," alisema Zélie. "Ni haya yote. Sijauza hata moja. Yana ugonjwa, na sitampa mtu maiti amlee kama mtoto."

"Mshikeni!" alipiga kelele Eulalie. "Amerukwa na akili!"

Lakini Zélie alikwisha kuitupa. Shuka ilijikunja juu ya makaa kama kitu chenye maumivu, kisha mayai yakaanza kupasuka, kwa sauti ndogo kali, kama haradali katika mafuta ya moto. Eulalie aliingiza mkono tanurini hadi kwenye kiwiko. Alivuta pembe ya shuka, ikamkatikia mkononi, akaikanyagakanyaga kuizima moto, akaificha chini ya shali yake huku akilia na vidole vimebabuka. Hakuna aliyemnyang'anya. Mjane Teissier alibaki amesimama na ubao wake wa unga kichwani, na Zélie angeona nafuu kama angemtukana.

Ambao hawakuwepo tanurini siku ile walikuja Jumatatu. Wanaume wale wale waliojenga walipanda hadi tuta la Rouvière asubuhi na mapema, wakaanza kuubomoa ukuta. Hawakutukana. Hawakuvunja kitu. Waliondoa jiwe moja moja, wakalishusha hadi mtoni walikolitoa, wakapanda tena kuchukua jingine, kwa utaratibu uleule waliojengea. Puech alifanya kazi ameinama upande kwa sababu ya mgongo. Abel aliwatazama toka dirishani mpaka saa sita. Kisha akachukua koti.

"Naenda migodi ya makaa," alisema. "Huko wanachukua yeyote mwenye mikono."

"Unaniacha?"

"Sikuachi. Nashindwa tu kukaa hapa." Alimbusu mama yake kwenye paji la uso. Alipofika mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka, "Ungeniachia hata Jumapili moja, Zélie."

Wiki hiyo Zélie alichana sketi yake ya ndani vipande arobaini na vitatu, maana ndiyo idadi ya majike waliotoka kwenye kapu la waliochelewa. Kila mmoja alimpa kitambaa chake. Alivipanga juu ya meza ya kulia, kwa kuwa mezani hakukuwa na kitu kingine cha kupanga. Nondo walipomaliza kutaga aliwakunja pembeni, akawabana kwa pini, na pini zilipokwisha akatumia miiba.

Bibi Judith alipita mara nyingi kando ya meza ile akiguna. Lakini siku ya kwenda shuleni alijitanda shali yake nyeusi.

"Siendi kuamini," alisema. "Naenda kwa sababu ya mbwa wa Puech. Siku hizi wanamfungulia."

Mbwa hakufunguliwa, ila watoto wa kisimani waliimba "Zélie wa punje, Zélie wa punje," na kikongwe akawatishia kwa fimbo hadi wakatawanyika.

Mwalimu Cazalis alifanya kazi kutwa. Kila mara alisema neno moja, "Mgonjwa," na Zélie alichukua kitambaa akakitia jikoni kwenye moto wa shule. Hadi saa tisa walikuwa wamechoma ishirini na tisa. Jicho la mwalimu lilikuwa jekundu linachuruzika machozi, akaomba apumzike kidogo.

"Nitatazama mimi," alisema Zélie.

"Utaweza?"

"Ninazijua. Hata nikifumba macho naziona."

Aliponda, akaweka tone, akainama. Wa thelathini, tele. Wa thelathini na moja, punje tatu tu, na mwalimu akasema tatu zatosha. Akavichoma vyote viwili kwa mkono wake. Alipomponda wa thelathini na mbili hakuwa akitumaini tena. Alikuwa akimaliza tu, kama mtu anayeosha vyombo baada ya mazishi.

Aliinama. Akakaa ameinama. Alikisogeza kioo kidogo kushoto, akakirudisha, akakishusha, akapita kona zote za ule weupe kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Muda ukapita hata bibi Judith akainuka kwenye dawati la watoto alilokuwa amekalia.

"Umeona nini?"

"Sioni kitu, Mama."

"Tazama vizuri."

"Natazama. Hakuna kitu." Mabega yake yalianza kutikisika. Mwalimu alikuja mbio, akainama mahali pake, akakagua naye, kisha akachukua kile kitambaa chenye mayai machache yasiyotosha kujaza kijiko, akakiweka peke yake katikati ya meza, mbali na moto.

Lakini bibi Judith hakuelewa. Alidhani mkwewe amefiwa tena, akamshika kwa mikono miwili, akampapasa mgongo, akimwambia anyamaze, anyamaze mwanangu, hata kama hakuna kitu tutaishi tu. Na Zélie, aliyebanwa kifuani pa mama mkwe wake, alishindwa kumweleza kwa kilio, akawa anarudia lilelile: hakuna kitu, Mama, hakuna kitu, hakuna kitu kabisa.